Nilikwenda Kutafuta Ukuta

Matatu ya kwanza kutoka Mackinnon Road kwenda Mombasa haiondoki, inanyemelea. Inasogea hatua tano, inarudi tatu, huku utingo akipiga bodi kwa kiganja na kuita Samburu, Mariakani, Mazeras, hata kama waliopo kando ya lami ni mbuzi peke yao. Nilikaa dirishani tangu saa kumi na moja na nusu alfajiri, kikapu mapajani. Ndani yake mlikuwa na chupa ya maji, mkate, na pakiti ya ugoro ambayo binamu yangu alinisisitizia kwenye simu mara tatu nisiisahau. Tulipoondoka kweli, jua lilikuwa limeshachomoza upande wa Taru.

Nina miaka arobaini na mmoja, baba yangu ni Mduruma, na nilikuwa sijawahi kukanyaga kaya, ngome ya kale ya watu wetu. Kwenye matanga nimewasikia wazee wakiitaja kaya kama mtu anavyoitaja nyumba ya mama yake, nami nikitikisa kichwa kama anayeijua njia. Aliyenichoma ni mama, ambaye ni Mtaita na katika jambo hili hana upande. "Ulikwenda Zimbabwe kwenye mkutano, ukarudi na picha mia za mawe ya wenyewe," akasema. "Ya kwenu hujayaona." Nikamjibu kuwa ya kwetu hayana mawe. "Basi nenda ukaone ni ya nini."

Mji wetu nao una kisa chake. Una jina la barabara, na barabara ina jina la Mskochi, Sir William Mackinnon, tajiri wa meli aliyeongoza Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopata hati yake mwaka 1888. Alikufa mwaka 1893, kabla reli haijawekewa hata taruma moja. Barabara yake ilitoka pwani ikielekea Kibwezi. Reli ilipokuja ikaikuta hapa porini, stesheni ikaandikwa Mackinnon Road, na hadi leo tunaishi ndani ya jina hilo. Kwale wanasema mji ni wao, Taita Taveta wanasema ni wao, sisi tunaendelea kuuza mbuzi. Kando ya reli kuna msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali Shah, mfanyakazi wa reli kutoka Bara Hindi. Inasimuliwa kuwa karai lake la kokoto lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Madereva wa safari ndefu husimama hapo wakaomba dua, na matatu yetu, ingawa ilikuwa na haraka ya uongo, nayo ilisimama.

Mwaka 1947, India ikiwaponyoka, Waingereza walianza kujenga hapa ghala kubwa la jeshi. Halikudumu. Baada ya miaka michache waliliacha, na wakati wa Hali ya Hatari wakaigeuza kambi hiyo kuwa mahali pa kuwafungia watu waliotuhumiwa kuwa Mau Mau. Utotoni tulicheza mchezo wa kati juu ya sakafu za saruji zilizobaki vichakani. Ndiyo maana nilijiona mtu anayeyajua magofu. Gofu, kwangu, lilikuwa saruji.

Vitabu navyo vilinizidishia. Nilikuwa nimesoma habari za Maiden Castle kule Dorset, Uingereza, kilima kilichozungushiwa matuta ya udongo na mitaro mirefu, ambacho Mortimer Wheeler alikichimba kati ya 1934 na 1937. Nilijua habari za Bigo bya Mugenyi nchini Uganda, ambako mitaro ukiijumlisha inapita kilomita kumi. Nilijua kuta za Thimlich Ohinga kule Migori, mawe yaliyopangwa bila chokaa, ambazo UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2018. Kichwani mwangu ngome ni kitu unachoweza kukigonga kwa goti.

Kutoka Taru kushuka, dirisha ni shule. Kwanza ni pori la miiba, ardhi nyekundu, mibuyu iliyosimama mbalimbali kama watu waliogombana. Hili ndilo pori lililowatisha wasafiri wa zamani. Johannes Rebmann alilivuka kutoka Rabai mwaka 1847 na tena 1848, mara hiyo ya pili akauona Mlima Kilimanjaro; inasemekana silaha yake ilikuwa mwavuli. Joseph Thomson alipita mwaka 1883 na msafara wake. Wote walitegemea maji ya mvua yaliyotuama kwenye mashimo ya mwamba pale Taru. Baada ya Samburu na Maji ya Chumvi, nchi inaanza kubadili rangi kidogo kidogo. Mahindi yanaonekana, kisha mwembe mmoja, kisha minazi, na ukifika Mazeras umeshazungukwa na vilima na hewa ina unyevu wa bahari ambayo bado huioni.

Nimepita njia hii tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, na siku hiyo ndipo nilipoiona. Kaya za Mijikenda, sisi Waduruma tukiwamo, zimepangwa kwenye safu hii ya vilima, mgongoni mwa pwani, mahali mvua inaponyesha kabla haijachoka. Mbele yao kuna miji ya Waswahili na bahari, nyuma yao nyika. Pembe za ndovu, sandarusi na nafaka zilishuka kupitia mikononi mwao. Nguo na shanga zikapanda. Siasa nazo zilipanda na kushuka hapo hapo. Waduruma na Wadigo walifungamana na Thelatha Taifa, yaani Mataifa Matatu ya Waswahili wa Mombasa, na kila upande ulijua unamhitaji mwenzake. Wareno waliwaandika watu hawa wa vilima kwa jina la Muzungulos. Mwaka 1614 Sultani Hasan wa Mombasa, alipokosana na Wareno, alikimbilia kwao, akauawa huko huko kwa malipo ya Wareno. Sikisimulii kisa hicho kwa fahari. Ila kinaonyesha kuwa karne nne zilizopita, mtu aliyeishika Ngome Yesu bado alikuwa na sababu ya kuwaza watu wa msituni wanasema nini.

Binamu alikuwa akinisubiri Mazeras juu ya bodaboda, kofia ya pikipiki ikining'inia mkononi kama kikapu cha nyanya. "Kaka, umeleta ugoro?" Hata salamu hakutoa. Tukaacha lami tukashika barabara ya vumbi kuelekea kusini magharibi, tukishuka na kupanda kati ya mihogo na mikorosho, mpaka kilima mbele yetu kikawa cheusi. Sioni neno jingine. Vilima vya jirani vilikuwa na rangi ya kahawia iliyopauka, vimelimwa na kukatwa kuni. Kile kimoja kilikuwa cheusi kwa miti, na mwisho wa miti ulikuwa mstari, kama nywele zilizonyolewa na kinyozi. Hiyo ndiyo Kaya Mtswakara. Ng'ambo, upande wa kusini wa bonde la Mto Mwache, iko dada yake, Kaya Gandini. Hizo mbili ndizo kaya za Waduruma zilizomo katika orodha ya UNESCO.

Mzee tuliyemwendea alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya mkwaju, nje ya nyumba yake, akichonga mpini wa jembe. Jina lake ataendelea nalo mwenyewe. Alipokea ugoro, akaunusa pakitini bila kuufungua, akauweka kando ya mguu. Kisha akanitazama.

"Umechelewa," akasema.

"Matatu, tsawe. Ziliondoka—"

"Sisemi leo."

Binamu alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee aliniuliza ukoo wa baba yangu, kisha ukoo wa mama yake baba yangu, kwa maana Mduruma ana koo mbili, wa kuumeni na wa kukeni, na ukitaja mmoja tu umejitambulisha nusu. Wa kukeni nilikosea. Binamu akanisahihisha. Mzee akaingia ndani, akarudi na vipande viwili vya kaniki, akatuamuru tuvifunge kiunoni, tuvue kofia na viatu. Halafu akatoa masharti, kwa sauti ya mtu anayetaja bei. Njia ni moja, usiiache. Usivunje kijiti. Usiokote kitu. Kelele hapana. Picha, utaambiwa wapi. "Na kitu kikikuangukia, kiache kiendelee kuanguka."

Tukaingia. Joto lilibaki nje kama mtu aliyekatazwa mlangoni. Njia ilikuwa nyembamba, ya mtu mmoja mmoja, na ilipindapinda bila sababu niliyoiona. Chini kulitapakaa maganda ya mbambakofi yaliyopasuka, na ndani yake zile mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu, nzuri kama zimechongwa. Mkono wangu uliwashwa. Hondohondo alipiga kelele juu, masharti yakiwa hayamhusu. Nilikuwa natembea nikitafuta mwanzo wa ngome: tuta, mtaro, rundo la mawe, chochote. Nilipita kati ya miti miwili mikubwa nikaendelea hatua kumi hivi, mpaka nikagundua niko peke yangu. Nikageuka. Mzee na binamu walikuwa wamesimama upande wa pili wa miti ile.

"Umepita mlango bila kubisha hodi," mzee akasema.

Nilirudi. Nilisimama pale nje kama mtoto aliyeingia darasani na matope miguuni, naye akaanza kuzungumza, macho yakiwa chini, sauti ile ile ya kawaida, akiwaarifu waliomo kuwa kuna mgeni ambaye si mgeni, akamtaja baba yangu na baba yake, akaeleza kuwa nimekuja kuona tu na sina neno baya. Alitaja pia kuwa nimechelewa. Ndipo tukaingia.

Kuanzia hapo aliniongoza kwa mkongojo, akinionyesha vitu ambavyo havipo. Hapa palisimamishwa magogo, yamechimbiwa bega kwa bega, kushoto mpaka kule, kulia mpaka kwenye mteremko. Hapa palikuwa na mlango wa mti mzito, na kijana wa zamu. Mbele kuna mlango mwingine kama huu. Kati ya mlango na mlango, njia inapindwa makusudi, ili anayekuja asiuone wa pili akiwa kwenye wa kwanza. Magogo yameliwa na mchwa siku nyingi. Lakini kilichozunguka magogo, yaani msitu wenyewe, ulioachwa bila kukatwa pande zote za kilima, ndio huo ulionigusa mabega tangu nilipoingia. Maadui wa wakati ule, Wagalla kwa kinywa cha wazee na baadaye Wamasai, hawangeweza kuja hapa wamejipanga. Mia wangeingia mmoja mmoja, wamejikunyata, miiba ikiwashika nguo, wasijue kama kijiji kiko hatua ishirini au mia mbili.

Binamu, ambaye amekua kando ya msitu huu na anauzungumzia kama jirani mkorofi, alinong'ona: "Kaka, ukuta wa mawe unamwonyesha mwizi pa kuruka. Huu utauruka wapi?"

Hapo juu kilima kinatandaa, na miti inabadilika. Hilo niliambiwa nilitazame, nikalitazama, na pole pole nikaliona. Miti ya pembezoni ni ya kila umri, minene kwa myembamba, mizabibu ya porini imeifunga pamoja. Ya huku katikati ni myembamba, imelingana, imeinuka kwa pamoja. "Rika moja," mzee akasema, na sisi Waduruma tukitamka rika tunamaanisha kitu: watu waliovuka pamoja. Miti hiyo ilianza kuota siku watu walipoacha kufagia. Uwanja wa kijiji umeandikwa kwa umri wa miti, na aliyeuandika ni kutokuwapo kwa watu.

Akatuonyesha alama nyingine. Mahali palipotandazwa mteremkoni, upana wa kitanda mara tatu, ndipo palipokuwa na nyumba, ya fito na nyasi zilizoshuka hadi ardhini kama kichuguu. Mafiga matatu, mawili yamezama. Jiwe la kusagia lenye bonde katikati, bonde laini kabisa. Niliuliza kama ninaweza kulishika, akafikiri, akasema mkono mmoja. Lilikuwa baridi. Kila ukoo ulikuwa na upande wake, alisema, akizungusha mkongojo kama mshale wa saa, na mlango wa kila nyumba ulielekea katikati, kwenye moro, mahali pa ngambi, baraza la wazee. Makaburi yako upande mwingine, hapo hatukwenda. Fingo, ile kinga ya kaya iliyochimbiwa ardhini, iko alipoitaja kwa kidevu tu, wala sikutazama muda mrefu. Wazee husimulia kuwa mafingo yalibebwa kutoka Shungwaya, kule kaskazini upande wa Somalia, watu walipokimbia vita.

Shungwaya ndiyo iliyokuwa imenijaa kichwani tangu matatu. Masimulizi ya Mijikenda, ambayo mwanahistoria Thomas Spear aliyakusanya akayachapisha mwaka 1978, yanasema makabila tisa, Makaya Chenda, yalitoka huko na kujenga kaya zao kwenye vilima hivi. UNESCO nayo inaanzia hesabu yake karne ya 16. Lakini majembe ya wanaakiolojia yamesema jingine. Henry Mutoro, Mkenya, alipochimba katika kaya miaka ya 1980, alipata vyombo vya udongo vya karne nyingi kabla ya hapo. Baadaye Richard Helm alizunguka bara ya pwani akakuta makazi ya wakulima yaliyotangulia kaya kwa miaka mingi, tangu milenia ya kwanza. Na sisi wa Kwale tuna letu la pekee: mwaka 1966 Robert Soper alichimba karibu na mji wa Kwale akapata vyungu vya wafua chuma wa mwanzo, vyenye kingo zilizokatwa pembe na mifuo, vya karne kama ya tatu. Tangu hapo vyungu vya namna hiyo, vikipatikana Tanga au kwingineko, vinaitwa vya Kwale. Mtu wa Kinango anaweza kuishi na kufa asijue kuwa jina la kaunti yake limo katika vitabu vya akiolojia duniani kote.

Nilimweleza mzee hayo yote, kwa urefu kuliko ilivyofaa, nikiwa nimesimama mguu mmoja kwa sababu ya siafu. Kisha nikauliza swali langu. Kama watu walikuwa hapa tangu zamani hizo, je, tulitoka Shungwaya au hatukutoka?

Hakuonekana kuudhika. Alifungua ule ugoro hatimaye, akavuta, akapangusa pua.

"Ukihamia nyumba ya watu, ukakuta jikoni kuna majivu, utasema hukuhama?"

Nimeshasoma makala ndefu juu ya jambo hili, nyingine zikiwa na maneno makali kati ya wasomi, na sidhani kuna iliyolikamata upesi hivyo. Masimulizi ya Waduruma wenyewe yana vipande vya watu wengi, wakiwemo Wamakua waliofika kutoka Msumbiji. Anayedhani kaya ni ya damu moja hajawahi kuketi kwenye kikao cha mahari yetu.

Wakati wa kushuka, njiani, karibu na kidole changu cha mguu, kulikuwa na kigae. Kidogo, ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, chekundu upande mmoja na cheusi upande wa pili, na kwenye ukingo kulikuwa na mistari mitatu iliyochorwa sambamba. Mtu aliichora kwa kijiti kabla udongo haujakauka, akasita, akaongeza wa tatu. Niliinama. Sikuwa na nia ya kukichukua, nilitaka kukigeuza tu. Mkongojo ulishuka mbele ya mkono wangu bila kunigusa.

"Kiache na wenzake."

Nikakiacha. Baadaye nilielewa kuwa mchimbaji angeniambia maneno yale yale kwa sababu nyingine: kigae kikishatoka mahali pake hakina la kusema. Siku hiyo niliona tu kuwa mzee amenikemea, na nilistahili.

Mahali fulani miti ilifunguka, tukaona bonde la Mwache, na upande wa Fulugani ambako serikali inajenga bwawa kubwa. Tuliketi. Niliuliza kwa nini watu waliondoka, nikitegemea vita. Jibu lilikuwa la kawaida mno. Watu waliongezeka, hatari ilipungua, ng'ombe walitaka malisho na mashamba yalikuwa mbali. Katika karne ya 19 familia moja moja zikaanza kulala shambani, kisha zikaacha kurudi. Wengine walifuata biashara, wengine mvua. Kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa tupu za watu. Babu wa babu yangu mimi alifuata ng'ombe kuelekea Taru, na wanawe wakavuka Taru, na mjukuu wake akapata kazi ya kukata majani kwenye reli, basi ndivyo nilivyozaliwa karibu na kaburi la Mpunjabi, katika mji wenye jina la Mskochi.

Si kila kaya iliachwa kwa upole. Serikali ya kikoloni iliijua thamani yake kuliko nilivyoijua mimi. Wagiriama walipokataa kutoa vijana na kodi, wakiwa wamekula kiapo na kiongozi wao Mekatilili wa Menza, Waingereza walikwenda Kaya Fungo mwezi Agosti 1914 wakailipua kwa baruti na kuichoma. Hapakuwa na ukuta wa kuangusha. Waliona kinachopaswa kuvunjwa ni mahali penyewe. Haikusaidia; vita ikawaka zaidi.

Siku hizi adui haji na mkuki. Anakuja na msumeno wa kuni, au na karatasi ya shamba. Ndiyo maana Makumbusho ya Taifa ya Kenya yaliunda mwaka 1992 kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani, kaya zikaanza kutangazwa kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaorodhesha misitu 10. Mwaka uliofuata mila zenyewe za kaya nazo ziliwekwa katika orodha ya zile zinazohitaji kuokolewa haraka. Wataalamu wa mimea kama Anne Robertson na Quentin Luke, waliozunguka misitu hii miaka ya 1980 na 1990, walikuta humo miti ambayo kwingine ilishakatwa. Kule Diani, Kaya Kinondo ya Wadigo, hekta 30 tu kando ya mahoteli, hupokea watalii wanaofungwa kaniki kama nilivyofungwa mimi. Nilimuuliza mzee kama hapa nao wangependa watalii. Alijibu kuwa angeanza kupenda watoto wa Mackinnon Road.

Alinisimulia pia, kwa hasira ambayo hadi hapo hakuionyesha, habari za vigango vya Wagiriama, nguzo za kumbukumbu za wazee wao, zilizong'olewa usiku na kuuzwa ng'ambo. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 katika boma la Kalume Mwakiru viligunduliwa katika makumbusho ya vyuo viwili vya Marekani, vikarudishwa mwaka 2006 na 2007. Mwenyewe alikuwa ameshakufa. "Walisema ni sanaa," mzee akasema, na neno hilo sanaa akalitema pamoja na ugoro.

Tulipofika kwenye ile miti miwili, alisimama, akaaga waliomo, tukatoka. Nje joto lilikuwa likitusubiri. Kabla hatujavaa viatu alitukagua, mmoja mmoja, kama mama anayempeleka mtoto shule. Alitoa jani begani kwa binamu akalirudisha ndani ya mpaka wa miti. Kwenye pindo la kaniki yangu alichambua vishonanguo, akavihesabu kimoyomoyo, akavirusha ndani. Nikavua kaniki, nikampa. Akaniambia salamu zifike kwa mama, nisisahau tena ukoo wa kukeni, akarudi kwenye mpini wake.

Nilipata basi Mazeras saa kumi jioni. Taru tulipita giza limeingia, na dereva alipunguza mwendo mbele ya msikiti wetu, akainua mkono, akaendelea. Ilibidi nipige kelele anishushe. Mama alikuwa amelaza chakula kwenye sufuria. Nilikaa kwenye kiti cha mlangoni kukunjua suruali iliyojaa vumbi, na pale ndani ya mkunjo wa mguu wa kulia, chini ya mahali kaniki ilipofika, nikavikuta: vishonanguo vinne, vimejishona vizuri kabisa.

Nilimwonyesha mama. Akavitazama chini ya taa.

"Usivitupe hapa," akasema.

Nikachana kipande cha gazeti, nikavifunga. Kisha nikampigia binamu simu kumuuliza kama Jumamosi ijayo atakuwa na pikipiki, naye kabla sijamaliza akauliza kama nitaleta ugoro.